Kipimajoto cha nyaya mbili kwenye kusubu alumini: uzoefu wangu wa miezi saba

Nasubu puli za alumini hapa Mwanga, Kigoma. Nyingi zinaenda kwenye mashine za kusaga na za kukamua mawese. Nayeyusha pistoni chakavu, na kalibu yangu ni ya chuma, vipande viwili. Miaka yote joto tulilipima kwa kijiti: unachovya kijiti kikavu chunguni, kikiungua upesi unamimina. Kila siku puli tatu nne zilikuwa zinarudi kuyeyushwa upya.

Nilianza kwa kununua ile bunduki ya kupimia joto kwa mbali. Hela imeenda bure. Alumini iliyoyeyuka inang'aa kama kioo na hutoa miale michache ya joto, kwa hiyo bunduki inadanganywa. Ilinionyesha 400 huku chungu kizima ni uji, wakati alumini tupu haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 660, na hii ya pistoni, yenye silikoni ndani, haishuki mbali sana na hapo.

Ndipo nikachukua kipimajoto cha waya wa aina ya K, yaani waya wa metali mbili unaohimili joto kali, chenye matundu mawili ya kuchomeka nyaya. Waya mmoja naingiza chunguni, wa pili nimeutia kwenye kitundu nilichotoboa ubavuni mwa kalibu. Namba zote mbili unaziona papo hapo, na binti yangu anaandika daftarini kila tunapomimina.

Mimi nilinunua kwa ajili ya chungu, kumbe ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye kalibu. Daftari lilionyesha puli mbovu karibu zote ni za asubuhi, au za baada ya chakula cha mchana. Kalibu ilikuwa imepoa mpaka 90, alumini inaganda kabla haijafika ukingoni, puli inatoka na mkunjo kama wa nguo. Siku hizi naipasha kwa mkaa mpaka 250 ndiyo naanza, na tukienda kula tunaiacha karibu na moto.

Chungu nacho kilikuwa na lake. Kijana wa blowa, ile feni ya kupuliza moto, anapenda moto mkali. Ikipita 780, alumini inafyonza haidrojeni nyingi kutoka kwenye unyevu, halafu ikiganda inaacha vitundu ambavyo huvioni mpaka mtu wa kukereza aanze kukulalamikia. Namimina kati ya 700 na 730. Puli zinazorudi sasa ni moja, mbili kwa wiki.

Ubaya upo. Ujiti wa chunguni, yaani ule waya wa kupimia, una ganda la chuma, na alumini ya moto inakula chuma taratibu. Wa kwanza uliisha kwa siku tisa. Sasa naupaka udongo laini, nauanika, kisha naupasha juu ya moto hadi ukauke kabisa. Usiharakishe hapo: ukizama na unyevu, maji yanageuka mvuke ghafla na alumini inaruka. Kovu la mkononi ninalo.

Kingine, muuzaji aliniletea ujiti mfupi, mkono unakaa juu ya chungu kabisa. Nilipolalamika akaniambia nivae glovu. Nimeuunganisha na bomba la nusu mita.

Chombo chenyewe nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu dukani hawauzi ujiti peke yake, wanataka ununue seti nzima, na wangu wa tatu umeshaanza kuliwa.