OEIS kwa anayehesabu matembezi kwenye grafu

OEIS, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya namba kamili, ilianza mwaka 1964 kama mkusanyo wa Neil Sloane, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ikatoka kama kitabu mwaka 1973 na kuingia mtandaoni mwaka 1996. Kuitumia ni bure, na anayetafuta tu hahitaji kujisajili. Niliipima kwa kazi moja, nayo ni kuhesabu matembezi katika grafu ndogo, yaani michoro ya ncha zilizounganishwa kwa mistari.

Nilianza na pembetatu. Ukiondoka kwenye ncha moja, na kila hatua ukahamia mojawapo ya ncha mbili nyingine, matembezi mangapi ya hatua n yatakurudisha ulipoanzia? Matembezi yote ya hatua n ni 2ⁿ, na kila ambalo halikuishia kwenye ncha ya mwanzo lina njia moja tu ya kurudi huko kwa hatua inayofuata. Kwa hiyo marejeo ya hatua n+1 ni 2ⁿ ukitoa marejeo ya hatua n, tukapata 1, 0, 2, 2, 6, 10, 22, 42. Na kuanzia namba ya tatu, kila moja ni ile iliyoitangulia ukijumlisha mara mbili ya ile ya nyuma yake.

Ukiandika 2, 2, 6, 10, 22, 42 kwenye kisanduku cha kutafutia, miongoni mwa unayoletewa ni mfuatano A078008. Kanuni ya kujirudia imo, fomula imo, hata programu fupi za kuukokotoa zimo. Kasoro ni kwamba jina la ukurasa ni sehemu ya kialjebra (yenye kiasi na asili) isiyotaja pembetatu wala matembezi, hivyo maana yake huna budi kuichambua katikati ya maoni ya wachangiaji.

Kwa ncha nne zilizopangwa kwenye mstari, ukianzia pembeni, idadi ya matembezi yote ni 1, 1, 2, 3, 5, 8, yaani namba za Fibonacci, A000045. Ukurasa huo umerundikana maelezo kupita kiasi, na asiyejua anachotafuta atachoka kabla hajakifikia.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba huduma hii hutambua, haithibitishi. Matembezi yote ya pembetatu ni 1, 2, 4, 8, 16, kisha 32. Lakini maeneo ambayo duara hugawanyika ukiunganisha nukta zilizo kwenye mzingo wake kwa mistari nyoofu, ukianza na nukta moja na kuongeza moja moja, kwa idadi kubwa kabisa iwezekanayo, ni 1, 2, 4, 8, 16, kisha 31. Mwenye namba tano tu mkononi ataletewa yote mawili, na hakuna cha kumwamulia isipokuwa kanuni aliyoitafuta mwenyewe.

Kurasa ni maandishi matupu, hivyo hufunguka haraka hata mtandao ukiwa dhaifu, ila karibu kila kitu ni kwa Kiingereza. Naipa nyota nne kati ya tano; ya tano ningeiongeza kama ningeweza kutafuta kwa kuchora grafu yenyewe.