Bia za kolabo: kabla ya kulipa, geuza kopo

Lalamiko ni lile lile kila msimu. Mtu amesikia viwanda viwili vyenye majina vimepika bia pamoja, ameisubiri, ameilipia bei ya chupa ya mvinyo, amefungua, na mdomoni hakuna kitu. Imechujuka, ina utamu wa asali usio na sababu, na kwa nyuma kuna harufu ya boksi lililolowa mvua. Lawama zote zinawaendea wapishi: wameuza majina. Mara nyingi wapishi wanaonewa. Bia ilitoka kiwandani ikiwa nzima, ikafia dukani.

Uchungu, rangi na povu sitavigusa. Vimeandikwa kwenye lebo na muuzaji atakuimbia bila kuulizwa. Kinachosahaulika ni umri. Bia ya kawaida hupikwa mfululizo, kreti ikiisha inaletwa nyingine mpya. Kolabo hupikwa mara moja, tangi moja au mawili, basi. Baada ya hapo makopo yote yaliyobaki duniani yanazeeka kwa pamoja, wakati sifa zinazosambaa ni zile za wiki ya kwanza. Unasoma maneno ya aliyekunywa kopo la siku tano, halafu unanunua la miezi mitano.

Adui ni oksijeni. Kiwanda makini hupigana ili oksijeni yote iliyobaki ndani ya kopo isizidi sehemu 50 kwa bilioni. Kiwanda kidogo kinachokodi mashine ya kufungia makopo hushindwa kirahisi, hata kama mapishi yake ni ya kusifiwa. Harufu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na manukato, ndiyo hutangulia kuondoka: embe, pasheni na maganda ya chungwa vinafifia, na nafasi yake inachukuliwa na asali na karatasi. IPA za ukungu (India Pale Ale zisizochujwa, zenye hopsi nyingi), ambazo ndizo kolabo nyingi za siku hizi, huumia kuliko zote kwa sababu zimejazwa hopsi nyingi baada ya kuchemsha, na vitu vinavyotoka kwenye hopsi hizo hushikana na oksijeni haraka. Ukiimimina utaona: njano angavu imegeuka kahawia yenye kijivu, kama tufaha lililokatwa likaachwa mezani.

Joto linaharakisha kila kitu. Watu wa bia wana kanuni ya 3-30-300: siku 3 kwenye nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22, na siku 300 kwenye nyuzi 3 huizeesha bia kwa kiasi kinachokaribiana. Ni makadirio, lakini ya kukumbukwa. Sasa fikiria stoo isiyo na kiyoyozi Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili. Siku tatu ni wikiendi moja na Jumatatu yake. Kontena likikwama bandarini wiki mbili, hakuna friji ya dukani itakayorudisha kilichopotea. Friji hupunguza kasi ya uzee, haiurudishi nyuma.

Kwa hiyo geuza kopo, usome chini. Kwenye chupa, angalia shingoni au pembeni mwa lebo. Viwanda vingi vya Marekani huandika tarehe ya kufungwa, mwezi ukitangulia siku: 04/09 ni Aprili 9. Ulaya hiyo hiyo ni Septemba 4, na miezi mitano ya makosa imepita hapo. Namba tatu peke yake huenda zikawa siku ya mwaka: 245 ni Septemba 2, kama mwaka si mrefu. Wajerumani kwa kawaida huandika tarehe ya mwisho ya ubora tu, kwa hiyo huwezi kujua ilifungwa lini. Kati ya chupa mbili za bia moja chukua yenye tarehe ya mbali zaidi, na usichukue iliyobakiza miezi miwili. Kopo lisilo na tarehe yoyote lirudishe kwenye rafu.

Baada ya hayo, mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza ni Schneider Weisse Tap 5, Meine Hopfenweisse, na sifichi upendeleo. Wengi wanaoinywa hawajui kwamba ilizaliwa ikiwa kolabo. Mwaka 2007 Hans-Peter Drexler wa Schneider, Kelheim, Bavaria, na Garrett Oliver wa Brooklyn Brewery, New York, walipika bia kali ya ngano yenye hopsi nyingi, kila mmoja akipika toleo kwenye kiwanda cha mwenzake. Ya Kelheim iliwekewa hopsi za Saphir za Hallertau. Ya Brooklyn ikapata Amarillo na Palisade. Kelele ziliisha, lakini Schneider hawakuiacha, wakaifanya bia ya kudumu. Hapo ndipo inapowashinda wenzake: inapikwa tena na tena, kwa hiyo chupa changa inapatikana. Pili, inachachuka mara ya pili ndani ya chupa, na hamira iliyo hai hula sehemu ya oksijeni iliyobaki. Tatu, ina kilevi cha asilimia 8.2 na mwili mzito wa ngano, hivyo hata hopsi zikipungua kidogo, ndizi na karafuu za hamira hubaki zikisema kitu. Hadi miezi sita ikihifadhiwa pa baridi bado inastahili pesa. Isimamishe wima kwenye friji usiku mzima, iloweshe glasi ya nusu lita kwa maji baridi, mimina theluthi mbili taratibu, zungusha chupa ili hamira iamke, kisha malizia. Ukiinywa ikiwa baridi kama soda umeiua; nyuzi 8 hadi 10 zinatosha. Ujerumani chupa ya nusu lita huuzwa chini ya yuro 3. Kumbuka tu asilimia 8.2 kwa nusu lita si ya kunywa mbili halafu ushike usukani.

Ya pili ni Oktoberfest ya Sierra Nevada, ya Chico, California, katika miaka inayotoka na mshirika wa Kijerumani. Walianza na Riegele mwaka 2015, wakafuata Mahr's Bräu, Miltenberger, Weihenstephaner, na mwaka 2019 Bitburger, ambao walitoa hamira na hopsi zao wenyewe. Ni lager ya kimea, karibu asilimia 6, na kimea huvumilia safari kuliko hopsi. Kiwanda ni kikubwa, tarehe ya kufungwa inasomeka bila darubini. Inaingia madukani kabla Septemba haijafika. Nunua mwezi wa tisa au wa kumi, na usiitake tena Januari hata ikipunguzwa bei. Ladha ya ukoko wa mkate iliyoipa sifa inakuwa sukari guru.

Tatu, makopo ya IPA ya ukungu ya kolabo, yale ya mililita 473 yenye michoro mingi kuliko maelezo. Yakiwa machanga hakuna kitu kizuri zaidi kwenye ukurasa huu, ndiyo maana kelele zake si za uongo. Ila masharti hayana msamaha: yawe yamekaa kwenye friji ya duka, si juu ya meza ya maonyesho, na yasizidi wiki sita tangu kufungwa. Wiki ya kumi, acha. Nunua moja kabla ya pakiti ya manne. Muuzaji akikataa kuivunja pakiti, ameshakujibu swali la umri.

Mwisho kabisa ni chupa kubwa za sherehe zinazouzwa kwa hadithi. Mfano wa kukumbukwa ni Infinium ya mwaka 2010, ya Boston Beer, wenye Samuel Adams, na Weihenstephan, kiwanda kinachohesabu miaka yake tangu 1040. Iliahidiwa kuwa na wepesi wa shampeni bila kuvunja sheria ya Bavaria ya 1516, ile inayobana viambato vya bia, ikawa na kilevi cha asilimia 10.3 na bei ya karibu dola 20 kwa mililita 750. Mapovu yalikuwepo. Wepesi haukuwepo: ilikuwa tamu na nzito, na hapa umri hauna kesi, ilikuwa hivyo tangu changa. Mtu akikuuzia chupa ya zamani ya namna hii kwa bei ya kumbukumbu, mshukuru upite.

Za bei ndogo: bia ya kila siku ya kiwanda kile kile, mfano Pale Ale ya Sierra Nevada, huwa changa zaidi na nafuu zaidi. Inatosha.

Sasa kuhusu wauzaji. Pakiti ya makopo manne kwa dola 18 hadi 24 Marekani si ajabu tena, na wanaokwenda kuisubiri foleni wanalipa wakijua wanacholipia. Kisichoeleweka ni bei hiyo kubaki pale pale mwezi wa sita, au kupanda kwa kisingizio kwamba zimebaki chache. Mkate wa jana hupunguzwa. Bia iliyokufa hupandishwa cheo ikaitwa adimu. Huku kwetu ndiyo zaidi: ushuru, usafiri na faida ya watu watatu vinapandana, halafu chupa ya kahawia inapangwa dirishani jua la saa nane likiipiga, kwa sababu inapendeza. Chupa ya kahawia hupunguza mwanga, ya kijani karibu haizuii kitu, na bia yenye hopsi ikipigwa na jua hunuka kicheche kwa dakika chache tu. Wapo pia wanaobandika kibandiko cha bei, au cha mwagizaji, juu ya tarehe hasa. Kibandue hapo hapo kaunta, kabla ya kutoa pesa. Akinuna, nuna pia.

Ukiletewa na ndugu kutoka nje, mwambie aulize dukani tarehe kabla ya kununua, siyo jina. Bia yenye kilevi chini ya asilimia 24 haina kikomo cha lita katika kanuni za usalama za ndege, lakini forodha ya unakoshukia ina chake. Kila chupa ivalishwe soksi na mfuko wa plastiki, ikae katikati ya nguo kwenye sanduku la kupakia. Kutoka uwanjani iende moja kwa moja kwenye friji, isibaki kwenye buti ya gari mpaka wageni waishe kusalimiana.