Orodha za Uangalizi za Microsoft Sentinel kwa Hoteli za Unguja

Kwa afisi ndogo ya kompyuta inayohudumia hoteli za Nungwi na Mji Mkongwe, shida ya ulinzi wa mtandao si uchache wa arifa za hatari bali ni wingi wake, na hapo ndipo orodha za uangalizi (watchlists) za Microsoft Sentinel, huduma ya mtandaoni inayokusanya kumbukumbu za mifumo na kusaka dalili za uvamizi, zinapostahili sifa. Unaandaa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), unalipakia, unachagua safu itakayokuwa ufunguo wa kutafutia, kisha kanuni zako za ugunduzi, yaani zinazotambua matukio ya kutilia shaka, huisoma orodha hiyo kwa amri ya _GetWatchlist.

Miongoni mwa violezo vilivyomo, kilichotufaa zaidi ni cha wafanyakazi walioacha kazi. Masika yakiingia, hoteli nyingi hupunguza watu. Akaunti ya mhudumu wa mapokezi aliyekwisha kurudi kwao Pemba ikifunguliwa saa nane za usiku, kanuni tuliyoiandika hulipandisha tukio hilo juu ya foleni, ilhali nywila iliyokosewa na aliyeko zamu husubiri asubuhi. Kompyuta ya mhasibu nayo tumeipa uzito kuliko ile ya baa ya ufukweni.

Faili linalopakiwa moja kwa moja halitakiwi kuzidi MB 3.8, nafasi ambayo kwa majina ya watumishi wetu haijai. Kasoro ni kwamba orodha haijisasishi yenyewe: afisa utumishi akichelewa kuleta majina, programu haina la kufanya. Malipo hutegemea wingi wa data inayoingizwa, kwa hiyo nyumba ya wageni yenye vyumba vichache ijipime kwanza.