Rangi za kucha za glita za kuchanganywa kwa mkono: ipi ununue kama wavaa mitandio ya shifoni

Tangu Idi iishe meseji zenu zafanana hadi nimechoka kujibu mmoja mmoja. Shifoni imechomoka uzi, buibui jipya limefanya vijinywele kifuani, mwengine amemkwaruza mtoto shavuni akimpangusa uji, na chini ya kila meseji kuna picha ya kucha zang'aa mashaallah hadi simu yapata kizunguzungu. Hakuna hata mmoja aliyelalamikia rangi yenyewe manake rangi ni nzuri, shida ni kingo za glita, na hilo hakuna muuzaji atakwambia kwa sababu yeye auza kwa picha, na picha haikwami kwenye mtandio.

Kwa hivyo hapa sitaongea habari ya inakauka kwa dakika ngapi, wala yakaa siku ngapi bila kubanduka, wala pinki gani inapendeza na ngozi gani, hayo kila mtu ana macho yake. Mie napanga kwa jambo moja tu: ukipitisha ukucha juu ya shifoni, kitambaa kinateleza au kinashikwa. Mtandio ukishachomoka uzi hauna dawa, waweza kuuvuta kwa sindano urudi upande wa ndani lakini alama utaiona kila ukijitanda.

Wajua kwa nini inashika? Glita ni plastiki. Ni plastiki nyembamba sana iliyopakwa alumini na rangi halafu ikakatwa vipande vidogo, mara nyingi vya pembe sita. Ile nzuri hukatwa kwenye poliesta, hii hii plastiki ya chupa za maji, na ile ya kupambia kadi za harusi na kazi za shule nyingi yake ni PVC. Sasa ndani ya chupa ya rangi ya kucha kuna butili asetati na ethili asetati, vimiminika vya kuyeyushia rangi, na PVC ikikaa humo inalainika, inajikunja pembeni, rangi yake inachuja na kuingia kwenye rangi ya chini. Ndo waona chupa ilikuwa nyeupe na vidoti vyekundu, baada ya muda yote imekuwa pinki na vidoti vimebaki rangi ya fedha. Wengi hudhani ni chupa imezeeka tu. Shoga, hiyo glita imeshajikunja, na ikifika kwenye ukucha inakaa kingo juu, hata uipake topkoti (ile safu ya mwisho ya juu, isiyo na rangi) vipi itakutafuta.

Na joto letu hili latusaidia kuharibu. Chupa imepangwa kwenye kabati la kioo Digo Road hapa Mombasa, jua la Februari laipiga kutoka asubuhi, feni yenyewe imeelekezwa kwa muuzaji, wewe waja kuinunua mwezi wa nne ukidhani ni mpya.

Kingine ni ukubwa. Glita za 0.2 mm na 0.4 mm zinalala vizuri, hata ukipaka vibaya. Ikifika 1 mm kwenda juu, zile duara kubwa na nyota na vipepeo, hapo hesabu haikubali: ukucha umejipinda na plastiki haitaki kujipinda, lazima pembe moja isimame. Kwenye picha ndizo zinazopendeza kuliko zote, bila shaka, ndo mana kila anayeuza anaziweka mbele.

Kabla hujatoa pesa, inua chupa kwenye mwanga uangalie kama rangi ya glita imehamia kwenye rangi ya chini. Halafu itikise usikie goroli ndani, zile chuma ndogo za kuchanganyia, wachanganyaji makini huzitia. Tazama pia glita zimekaa wapi. Hizi za mkono zikiwa nzuri hutumia besi (yale majimaji ya msingi yanayobeba glita) yenye udongo maalum unaozifanya glita zielee, kwa hivyo ukikuta zote zimelala chini kama chicha za tui basi besi ni ya kawaida, utavua kwa brashi zije mafungu mafungu, na fungu ndilo linalokwaruza. Ukiweza, paka tone kwenye nailoni au kwenye ukucha wa plastiki, uache usiku kucha, asubuhi pitisha kipande cha shifoni kuukuu. Muuzaji akikataa kukupakia tone, mwachie chupa yake.

Jambo jengine watu hawaambiwi. Ati "za mkono" haimaanishi kuna mwanamke amekaa jikoni anapika rangi. Hizi rangi msingi wake ni nitroselulosi, kitu cha kushika moto vibaya sana, na karibu wachanganyaji wote wadogo huko Marekani na Australia wananunua besi tayari kutoka viwandani halafu wao wanatia glita na vumbi za rangi kwa vipimo vyao. Ufundi uko kwenye kuchagua glita na kuipima, na ndo hapo wanapoachana.

Haya, mpangilio wangu. Niseme mapema kwamba nina upendeleo na sijifichi: KBShimmer ndo ya kwanza na ya pili sijaona ikiisogelea. Hawa ni wa Indiana, Marekani, hao hao hutengeneza sabuni na losheni, na chupa yao ni 15 ml kamili. Ninachowapendea ni kwamba hata wakichanganya glita za saizi mbalimbali, zile kubwa wanatia chache na ndogo nyingi, kwa hivyo ndogo zinajaza mapengo na ukucha unakuwa sawa. Zile zao za rangi nzito ya maziwa yenye glita ndani, glita inakaa chini ya rangi, siyo juu, ukipitisha kidole wahisi vijipunje tu. Topkoti yao yaitwa Clearly On Top, na mie nikiwa na pesa ya chupa moja tu nitachukua hiyo topkoti kabla sijachukua rangi, manake hata glita ya jirani yaweza kuituliza. Najua mtaniambia mie nalipwa. Silipwi, na wangenilipa ningewaambia wapunguze bei.

Ya pili ni ILNP, Wamarekani pia, chupa ni 12 ml kwa hivyo ukilinganisha bei linganisha na ujazo. Hawa nguvu yao ni holo, ile ya kung'aa rangi za upinde wa mvua, na zile rangi zinazogeuka ukiinamisha mkono, na vipande vyao ni vyembamba sana, yaani vingi si glita ya kukata bali ni vumbi na magamba. Kwa mtandio hawana shida hata kidogo. Kwa nini basi si wa kwanza? Kwa sababu mtu akitaka glita ataka glita, ile ya kuonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi mwanamke akiinua mkono kwa vigelegele, na hizi za ILNP usiku kwenye taa za ukumbi zinakuwa za heshima mno.

Tatu ni Emily de Molly ya Australia. Hapa ndo kuna sherehe: pembe sita kubwa, duara, vipande virefu, vyote chupa moja. Nzuri jamani, nzuri kweli, lakini hizi ndo za kupaka kwa kugandamiza badala ya kuburuta brashi, na topkoti safu mbili, na usiziache zifike ncha ya ukucha. Kwenye ncha na pembeni ndo mahali mtandio unaponaswa, katikati ya ukucha hakuna kitu kinachopita. Ukimaliza kupaka chukua kijiti cha mchungwa urudishe ndani kila glita iliyochungulia nje kabla haijakauka. Ukivaa buibui la kitambaa kizito, ipandishe iwe ya pili. Ukivaa shifoni iache hapo hapo.

Holo Taco mmeniuliza sana. Ni ya Cristine Rotenberg wa Kanada, yule wa video za kucha, aliianzisha 2019. Si ya mkono, kwa hivyo sijui inafanya nini kwenye orodha hii, ila zile topa zake (rangi za kupaka juu ya rangi nyengine) za magamba zinalala laini na mtu akikuletea usikatae.

Za shilingi mia na mia na nusu za Marikiti na Kongowea: zipo, zang'aa, nunua ile yenye glita ya unga peke yake na usiguse yenye nyota. Basi.

Na hizi za kuchanganywa hapa hapa mjini, nimeulizwa na nitajibu bila kutaja mtu. Nataka sana ziwe nzuri, wallahi nataka, pesa ibaki hapa. Lakini chupa nilizoletewa zimejazwa glita ya kadi za harusi ndani ya rangi isiyo na rangi, zile zile PVC nilizosema, lebo imeandikwa "handmade" kwa maua na haina ujazo, haina viungo, na chupa ukiipima ni ile ndogo ya 7 ml lakini bei ya kubwa. Nyengine imetiwa asetoni ili ilegee, na asetoni kwenye rangi ya kucha inaivunja, rangi ikikauka inakuwa na makunyanzi na glita inasimama zaidi. Rangi ikiwa nzito hutiwa thina yake, matone mawili matatu, siyo rimuva ya kutolea rangi. Dada zangu mnaochanganya, ulizeni muuza glita swali moja: hii inavumilia asetati? Akikutazama tu, usinunue kilo.

Sasa nije kwa bei, manake hapa ndo moyo waniuma. Kule kwao chupa moja ni kama dola 10 hadi 15. Hapa naona watu wanauziwa mara tatu yake, na hiyo ni ukibahatika kuambiwa bei, kwa sababu kwenye ukurasa hakuna, ni "bei DM mpenzi". Waingia DM wakuuliza wewe wakaa wapi. Kwani bei ya Nyali na bei ya Majengo ni mbili? Ukisema Nyali yapanda, ukisema Likoni waambiwa zimekwisha. Halafu lipa kwanza, hakuna kurudisha, na chupa ikija glita imechuja wajibiwa ati ndo muundo wake.

Ukiuliza mbona ghali, jibu ni ushuru. Sawa, ushuru upo, vipodozi hapa Kenya vina ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 tangu 2022, kabla ya hapo ilikuwa 10, na VAT ya asilimia 16 vilevile. Lakini shoga, chupa yako imekuja ndani ya sanduku la shangazi yako kutoka Dubai imeviringishwa kwenye soksi, huo ushuru uliulipia dirisha gani? Mwengine akasema ati Ulaya wamepiga marufuku glita ndo mana imekuwa adimu. Walichozuia Oktoba 2023 ni kuuza glita ya plastiki ya kumwaga, ile ya vifurushi, na rangi za kucha zimepewa hadi 2035. Hiyo si sababu ya kuniongezea elfu moja mwaka huu.

Njia nafuu ni mtu wako anayesafiri. Rangi ya kucha inashika moto kwa hivyo kwenye ndege yahesabiwa mzigo wa hatari, ndo mana maduka mengi ya nje hayatumi huku, lakini abiria anaruhusiwa vipodozi vyake kwenye begi la kupakiwa, jumla isizidi lita 2 na kila chupa isizidi nusu lita. Chupa sita za 15 ml hazifiki hata 100 ml. Aziweke zimesimama, kila moja na mfuko wake, na akitua uwanja wa ndege wa Moi asiziache ndani ya gari juani.

La mwisho ni kuitoa, na hili ni la wanaosali hasa, manake glita ndo rangi ngumu kuliko zote kutoa na wengi wetu tunapaka zile siku tu ambazo hatusali. Ikifika siku ya kuoga hutaki kusugua pamba saa nzima na maghribi inaingia. Loweka pamba na asetoni, weka juu ya ukucha, funga na foili ya jikoni, kaa dakika kumi, halafu vuta kwa kubana na usisugue huku na huku, kusugua ndo kunakochuna ukucha. Au paka chini gundi nyeupe ya shule, ile ya maji, safu moja, iache ikauke hadi iwe haina rangi, ndo upake glita juu. Siku ya kutoa unaipenyezea kijiti yatoka nzima nzima. Yakaa siku chache tu hivyo, na ukifua kwa mkono yaweza kuondoka mapema, kwa hivyo vaa glavu. Na nasema gundi ya shule, ya maji, nyeupe. Si supagluu. Kuna aliyeniuliza kama supagluu itashika vizuri zaidi.