Nililiziba kwa elfu hamsini, likaniamsha saa nane usiku

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu ni stendi ya Kange hapa Tanga. Mwezi ule nilioendesha nimeshika shavu, kila abiria alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa mmoja: ng'oa. Sikung'oa. Nililipia jino moja mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka yangu, mara ya pili kwa roho safi, na bado sijamaliza kulilipia.

Jino lenyewe ni gego la chini kulia, lile la kwanza ambalo mtoto huota akifikisha miaka sita hivi. Lilikuwa na tundu la kutosha punje ya mchele. Kwa muda mrefu lilikuwa linachoma nikinywa maji ya friji, kisha linaachia. Nikalizoea kama ninavyoizoea breki inayolia: kesho, kesho kutwa, mwisho wa mwezi.

Ilipoingia Shaabani mambo yakageuka. Maji baridi hayakuniuma tena, ila chai. Funda moja la chai ya moto na maumivu yanapanda mpaka sikioni. Usiku ndiyo balaa lenyewe, nikiweka kichwa kwenye mto tu linaanza kupwita kama moyo umehamia tayani. Nikajigundulia dawa yangu: nachukua funda la maji ya barafu, nalituliza upande wa kulia, linapoa. Maji yakipata joto mdomoni, linarudi. Nikawa nalala na chupa ya maji ya barafu ubavuni. Mke wangu akawa anauliza huo udhu ninaousukutulia usiku kucha utaisha lini.

Bibi yangu, ambaye ni Mpemba, alinipa karafuu ya kutafuna. Ilisaidia saa moja hivi. Sikuicheka, na mbele mtaona kwa nini.

Sehemu ya kwanza niliyokwenda sitaitaja. Niliingia, nikafungua mdomo, nikaambiwa "hili tunaziba." Hakuna picha, hakuna swali. Sindano ya ganzi, mashine ikalia kidogo, wakajaza ule udongo mweupe, wakaumulika taa ya buluu ugande. Dakika ishirini, elfu hamsini, nikatoka nacheka. Nami nina kosa langu: nilifika nimeshaamua kwamba nataka kuziba, kwa kuwa nilisikia ndiyo rahisi, na wala sikumweleza mtu habari za usiku.

Siku mbili raha. Usiku wa tatu, saa nane, niliamka nikadhani nimepigwa ngumi. Sasa ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na tundu limefungwa, hata karafuu haina pa kuingia. Nikarudi kulekule, nikapewa amoksilini na vidonge vya maumivu. Nikamaliza dozi, jino halina habari.

Abiria mmoja, mama wa makamo niliyekuwa nampeleka Chumbageni, ndiye alinielekeza kwa daktari mwingine. Kwanza nitoe lawama ili niende mbele: niliambiwa nifike saa tatu, nikaingia saa tano na nusu, na benchi la pale nje ni la mbao bila egemeo. Kwa mtu anayeumwa jino, saa mbili na nusu za kungoja ni mwaka.

Ndani nikamkuta dada, kwa umri ni mdogo wangu kabisa. Hakugusa chombo.

"Kaka, usifungue mdomo kwanza. Linauma lenyewe au mpaka uliguse?"

"Lenyewe, daktari."

"Likianza linakaa?"

"Hata saa nzima."

"Baridi na moto, kipi kinakutesa?"

Nikamweleza habari ya chupa. Akaweka kalamu chini, akatabasamu kama mtu aliyeletewa jibu la mtihani. "Hiyo chupa imeniambia mengi. Ila tupige picha."

Alinieleza kwa lugha ya hapahapa. Kuna maumivu ya waja leo, waondoka leo: unakunywa baridi, linachoma, unahesabu sekunde chache limeondoka. Hapo kiini cha jino, yaani kile kinofu cha ndani chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimekasirika tu. Ukiondoa uozo na kuziba vizuri, mara nyingi kinatulia. Na kuna mgeni aliyekuja akatandika mkeka. Anauma bila kuchokozwa, anakuamsha usiku, joto linamwongeza. Hicho kiini kimevimba kiasi ambacho hakirudi nyuma. Mguu ukivimba utavua kiatu, lakini kiini kimefungiwa ndani ya kitu kigumu kila upande, hakina pa kutanukia. Ukilala damu inazidi kichwani, ndiyo maana kitanda kilikuwa adui yangu. Kuziba juu yake ni kufunga mlango moto ukiwa ndani. Na ile amoksilini haikuwa na kosa, ila haitulizi kiini kilichovimba namna hiyo.

Akanipa njia mbili na bei zake bila kunivuta: kung'oa, elfu ishirini, au kutibu mzizi, ile wanayoiita ruti kanali, laki mbili na ishirini, na baadaye kofia ya jino. Kung'oa si dhambi, alisema, ila pengo la gego hilo utalisikia kila ukila, na meno ya jirani huanza kuinamia nafasi. Nina miaka thelathini na nne. Nikaomba kulipa kwa awamu tatu, akakubali.

Sasa wanaosema ruti kanali haiumi kabisa, mimi nasema ukweli wangu. Jino lenye kiini kilichovimba hivyo huwa sugu kwa ganzi. Mdomo ulikufa, ulimi ulikufa, lakini mashine ilipofika karibu na kiini niliruka. Akasimama pale pale, akaongeza sindano, akangoja. Baada ya hapo sikusikia kitu zaidi ya kuchoka taya.

Alivalisha jino karatasi ya mpira ili mate yasiingie na vyombo visidondoke kooni. Akatoa kiini, akaanza kusafisha njia za mizizi kwa visindano vyembamba vyenye makwaruzo, akipiga picha kupima urefu. Gego langu lina mizizi miwili lakini njia tatu, hivyo kazi ni mara tatu. Alipokuwa anasuuza nikasikia harufu ya jiki. Nikadhani napotewa na akili. Kumbe ni yenyewe, dawa ya jamii ileile ya kung'arisha nguo, imepunguzwa makali ya kazi hiyo.

Akaweka dawa, akafunga kwa muda. Hicho kifuniko cha muda kilininukia karafuu tupu! Nikamuuliza, akasema mafuta ya karafuu yana kitu kinachotuliza jino, na madaktari wamekitumia miaka na miaka. Nilimpigia bibi simu nikiwa bado kwenye benchi, mdomo umekufa nusu, hakunielewa hata neno.

Usiku ule nililala. Chupa ilibaki imejaa.

Wiki iliyofuata alijaza zile njia kwa utomvu fulani wa mti unaolainika kwa joto, na mara ya tatu akajenga jino juu. Siku nne za kwanza lilikuwa linauma nikitafuna, kisha likanyamaza. Nilimaliza siku sita kabla ya mfungo, na futari yangu ya kwanza ilikuwa uji wa moto.

Jambo jingine. Kwenye picha alionekana na mwenzake, jino la juu kushoto, lina uozo. Nikiwa nimeshaona maajabu nikamwambia, "Daktari, na hili litibu mzizi kabisa, tumalize." Akakataa. Akaligusa kwa pamba yenye ubaridi, likachoma, nikahesabu mpaka nne, likaacha. Akanionyesha kwenye picha uozo ulivyo mbali na kiini. "Hili la kuziba tu, kaka. Nikikutibia mzizi nitakuwa nimeua kitu kizima." Akaliziba kwa elfu arobaini na tano, tena kwa muda mrefu kuliko wale wa mwanzo, na mpaka leo silikumbuki mpaka niliandike.

Kofia ya lile gego ni laki tatu na sijaiweka. Amenionya kwamba jino lililotolewa kiini na kuchimbwa hivyo ni rahisi kupasuka, basi kashata natafunia kushoto. Nimeanza kutenga elfu tano kila siku ninayorudi na mafuta yaliyobaki, na siku hizo si nyingi.