Tathmini ya huduma ya kuvuna milingoti (mikaratusi) kandokando ya kijito, Mufindi

Shamba letu la misindano, yaani misonobari, lipo Mufindi, na kijito kinachopita bondeni mwake humwaga maji katika Ruaha Mdogo, mto ule ule unaopita Iringa mjini. Ukingoni mwake marehemu baba alipanda milingoti miaka mingi kabla ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito. Kiangazi kilichopita tulikodi kikosi cha wavunaji waiondoe.

Katika ukataji sina manung'uniko. Kabla chensoo haijawashwa, msimamizi wao alitembea ukingo mzima akifunga utepe mwekundu kwenye kila mvengi na miti mingine ya asili isiyotakiwa kuguswa, kisha akaagiza milingoti yote iangushwe kuelekea mlimani, kwa kuwa gogo likiangukia majini hubomoa ukingo. Magogo yalikatwa vipande vifupi yakapandishwa kwa mabega ya vibarua. Siku ziliongezeka na gharama pia, lakini udongo tepetepe wa bondeni haukuchimbwa mifereji na matairi ya trekta. Visiki walivibandua maganda hadi usawa wa ardhi, maana mlingoti uliokatwa tu huchipua upya, na hadi leo nimehesabu visiki vitatu tu vyenye machipukizi.

Kasoro ilikuja wakati wa kupasua. Mashine yao, hii tunayoiita dingdong, waliisimika hatua chache kutoka majini, na lundo la vumbi la mbao likabaki pale walipoondoka. Mvua za kwanza zililisomba lote; kokoto za kijitoni zikafunikwa na uji wa rangi ya chai, na majirani wanaochota maji chini yetu wakaja kulalamika, kwa haki kabisa. Vumbi hilo likioza hula hewa ya majini inayotegemewa na samaki na wadudu. Nilipompigia msimamizi, alijibu kwamba mkataba ulitaja miti, haukutaja mashine. Ni kweli, ingawa mtu aliyejua kufunga utepe hakuhitaji kuandikiwa hilo.

Bei yao ilizidi ya wengine wawili walionipa makadirio, na ningeilipa tena kwa ukataji. Ila safari hiyo mbao zitapasuliwa juu, barabarani, mbali na maji.