Kijiti cha dakika 10: tathmini ya kipimo cha antijeni ya kriptokoka

Ninafanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya wilaya nchini Tanzania, na kwa miaka kadhaa sasa nimekitumia kijiti cha kupimia haraka antijeni ya kriptokoka (yaani chembe zinazotoka kwenye fangasi huyo), ambacho madaktari wetu hukiita kwa kifupi CrAg. Wenzangu wa vituo vya afya wanaotaka kukiagiza huniuliza kwanza bei, ilhali swali linalostahili kutangulia ni jingine: kijiti kikishatoa mistari miwili, yaani jibu chanya, mgonjwa huyo atafanyiwa nini?

Kriptokoka ni fangasi anayeishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa. Wengi wetu humvuta kwa pumzi bila kudhurika, lakini kwa mtu anayeishi na VVU ambaye CD4 zake (seli za kinga ya mwili) zimeshuka chini ya 100, fangasi huyo anaweza kutoka mapafuni na kuingia kwenye ubongo, akasababisha homa ya uti wa mgongo ambayo huanza polepole kiasi cha kumpotosha kila mtu. Mgonjwa hulalamika kuumwa kichwa kwa wiki mbili au tatu, hutibiwa malaria, kisha taifodi, na anapofika kwetu mara nyingi ameanza kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa.

Zamani tulitegemea wino wa India. Tone la maji ya uti wa mgongo huchanganywa na tone la wino mweusi, na chini ya hadubini fangasi huonekana kama duara jeupe linalong'aa gizani, kwa sababu utando unaomzunguka haupitishi wino. Nakiri kwamba bado naupenda uchunguzi huo, kwa kuwa ndani yake unamwona adui kwa macho yako. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wino uliwatambua wagonjwa 86 hivi katika kila 100, ilhali kijiti kiliwatambua zaidi ya 99. Na pale fangasi walipokuwa wachache katika maji ya mgongo, wino uliwakosa zaidi ya nusu ya wagonjwa.

Kijiti hiki hutengenezwa na kampuni ya IMMY ya jimbo la Oklahoma, Marekani, na kiliidhinishwa nchini humo mwaka 2011. Matumizi yake ni mepesi: unaweka tone moja la kimiminika cha kuzimulia kwenye kichupa, unaongeza mikrolita 40 za seramu, plazma au maji ya uti wa mgongo, unachovya kijiti na kusubiri dakika 10. Mstari mmoja wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kijiti chenyewe kinafanya kazi, maana yake antijeni haikuonekana. Mistari miwili maana yake ipo, hata kama wa pili umefifia kama alama ya penseli iliyofutwa. Hapa ndipo wageni wa kipimo hukosea, kwa kuwa huuona mstari hafifu wakauita kivuli. Hakihitaji jokofu, jambo ambalo kwetu tunaokatikiwa umeme ni neema kubwa, ila unyevu hakiuvumilii: masika moja tuliacha kopo bila kifuniko usiku kucha, na asubuhi vijiti vikashindwa kutoa hata mstari wa udhibiti. Kosa lilikuwa letu, na kopo zima tulilitupa.

Kuna mambo mawili ambayo mtumiaji anapaswa kuyajua mapema. Kwanza, antijeni ikizidi mno katika sampuli, kijiti kinaweza kudanganya kwa kutoonyesha mstari wa pili. Kwa hiyo daktari anaposhuku ugonjwa huu kwa nguvu na jibu likawa hasi, sampuli izimuliwe na kupimwa upya. Pili, antijeni hubaki mwilini kwa miezi mingi hata baada ya fangasi kufa, kwa hiyo kipimo hiki hakifai kabisa kufuatilia kama mgonjwa anapona. Nimewahi kuletewa sampuli ya mtu aliyekwisha kutibiwa, na jibu chanya likamtia hofu bure.

Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, iko kwa wale ambao bado hawajaumwa kichwa. Utafiti wa Uganda wa mwaka 2002 ulibaini kwamba antijeni huonekana kwenye damu siku 22, kwa wastani wa kati, kabla ya dalili kuanza, na huo ni muda wa kutosha kumwokoa mtu. Katika utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa mwaka 2015, uchunguzi huu pamoja na kutembelewa nyumbani katika wiki za mwanzo za dawa za VVU vilipunguza vifo kwa asilimia 28. Mwenye jibu chanya katika damu hushauriwa kutolewa maji ya mgongo hata kama hana dalili. Akikutwa salama kwenye ubongo, huanzishiwa flukonazoli, dawa ya fangasi, kwa dozi kubwa. Akikutwa na homa ya uti wa mgongo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, zote zikiwa dawa za fangasi.

Hapo ndipo manung'uniko yangu yalipo, nayo hayahusu kijiti. Nimewahi kutoa jibu chanya kabla ya saa nne asubuhi, kisha nikaambiwa kwamba flusitosini haipo na kwamba sindano za kutolea maji ya mgongo zimekwisha, ilhali kuyapunguza maji hayo ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa shinikizo ndani ya fuvu huua upesi.

Kijiti ninakipa alama 9 kati ya 10, na ile moja nimeikata kwa sababu ya udanganyifu wa antijeni iliyozidi. Anayekiagiza aweke katika karatasi hiyohiyo ya oda sindano za mgongo, flukonazoli ya kutosha, na namba ya simu ya hospitali ya rufaa iliyo karibu ambayo amethibitisha kwamba ina flusitosini.